Mstari wa Saba

Fomu ya manispaa ina safu nne:
sehemu, jina la urembo, urefu, hali.
Ya pili ndiyo iliyonishinda.
Nimesimama Barabara Kuu, Jinja, shingo imekakamaa,
natazama paji la duka la marehemu Lalji
lililopakwa manjano hadi nusu na kampuni ya simu,
na juu ya manjano, chini ya bati,
kuna mikunjo, kuna vijino, kuna mabonde ya kivuli,
na kalamu yangu haimjui hata mmoja wao.

Niliandika "nakshi". Nikafuta.
Nakshi ni jina la ukoo; mimi natafuta watoto.

Basi nikamfuata Oketcho kwake Walukuba,
yeye aliyeurudishia ukuta ule lipu mwaka wa sitini na nane
chini ya Karsan, fundi asiyetoa neno pasipo kulipima.
Hakunijibu. Aliingia ndani, akatoka na gunia,
akamwaga vibati sakafuni. Saba, vya zinki,
kingo zimechongwa kwa tupa ya sonara,
kila kimoja kinywa, kila kinywa na matamshi yake.
"Unakikokota juu ya jasi mbichi," akasema,
"na usikohoe. Ukikohoa, ukuta utakohoa miaka hamsini."

Hiki, ushanga. Hiki, mshipi.
Hiki, kope,
kwa kuwa huzuia mvua isiingie jichoni mwa dirisha.
Koo la njiwa. Ukucha.
Meno ya panya hayana kibati, hukatwa kwa kisu
jasi ikiwa na ugumu wa muhogo uliochemshwa ukapoa.
Nikaandika mbio.
"Na hiki, mgongo wa chatu," akasema,
akiinua chenye mviringo mnene, ule wa chini kabisa.

"Mwongo!"
Nyachwo huyo, kutoka jikoni, viganja vimejaa unga wa wimbi.
"Chatu ulimwona wapi? Hiyo ni kata.
Kata ya kichwani, ya majani ya mgomba,
niliyojitwisha karai juu yake toka asubuhi
wewe ukiwa huko juu unapiga mluzi.
Karsan aliniuliza jina lake. Nikamwambia.
Alilirudia mpaka likamkaa mdomoni: kata, kata."

Oketcho akakuna goti.
Nikafuta chatu.

Kikabaki cha saba.
Tumbo nje, kisha kiuno ndani,
mstari unaobadili nia katikati ya safari.
Karsan alikuwa na neno lake, la Kikachi,
akaondoka nalo katika zile siku tisini
pamoja na sanduku moja na kofia.
Oketcho hakuwahi kumuuliza. Kazi ilikuwa nyingi,
na kesho ilikuwa bado ipo.

Nikakilaza kibati juu ya fomu,
nikazungusha penseli ukingoni.
Nafasi yenyewe ni upana wa vidole viwili;
mchoro ukamwagikia kwenye "urefu".

Nyachwo akauinamia,
akapuliza unga uliokuwa umeudondokea.
"Huu tuliuvuta Juni, nikiwa na miezi minane,
ngazi inagombana na tumbo langu.
Aliyenitazama kwa ubavu aliona huu huu."
Akacheka peke yake.
"Andika Ofwono. Ndiye aliyekuwa ndani.
Sasa anaendesha lori kwenda Juba, simu hapigi,
lakini pale juu ya duka najua alipo."

Jumatatu karani aliirudisha fomu.
Kata aliipitisha. Kope aliipigia mstari.
Kando ya meno ya panya aliandika: mzaha?
Nilimjibu kuhusu panya, kwa adabu, kurasa mbili.
Mstari wa saba sikuugusa. Unasomeka hivi:
pembe ya mashariki, juu ya dirisha la pili;
Ofwono;
mita kumi na nne;
ufa mmoja mwembamba, bado umeshika.